"Aina ya Nyoka" Haitoshi: Uhakiki wa Vidahizo vya Nyoka katika Kamusi Zetu, kwa Mtazamo wa Darasa la Kanama

Utangulizi

Katika makala haya tunakusudia kuhakiki jambo linaloonekana dogo, lakini linamgusa kila mwalimu wa Kiswahili anayefundisha nje ya pwani. Jambo lenyewe ni namna kamusi zetu za lugha moja zinavyoeleza majina ya nyoka. Hoja yetu ni moja. Fasili isiyomwezesha msomaji kumtofautisha nyoka mmoja na mwingine haijawa fasili. Imesema tu kwamba neno hilo lipo.

Tumeamua kuitazama hoja hii kutoka Kanama, wilayani Rubavu, katika Mkoa wa Magharibi wa Rwanda. Kanama iko kwenye barabara itokayo Gisenyi kuelekea Musanze na Kigali, katika bonde la mto Sebeya. Wakazi wake wengi ni wakulima, na mashamba ya chai ya Pfunda hayako mbali. Mwanafunzi wa hapo hukua akisema Kinyarwanda, husikia Kiswahili cha wafanyabiashara wa Goma katika soko la Mahoko, kisha hukutana na Kiswahili sanifu darasani. Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwezi Februari 2017 Bunge lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Kwa hiyo mwanafunzi huyu si mgeni tena katika lugha hii. Ni mmoja wa wenyewe, na ana haki ya kuidai kamusi imhudumie.

Jaribio la kufunika kidahizo

Wanaleksikografia hukubaliana kwamba fasili nzuri ina sehemu mbili. Kwanza hutaja jamii ya kitu, pili hutaja sifa bainifu, yaani zile zinazokitenga na ndugu zake. Ukisema meza ni samani, umetaja jamii. Usipotaja bapa lake, miguu yake na matumizi yake, kiti na kabati navyo vitaingia humo humo.

Kuna jaribio jepesi ambalo mwalimu yeyote anaweza kulifanya darasani bila gharama. Funika kidahizo kwa kidole, usome fasili peke yake, kisha waulize wanafunzi ni neno gani. Kwa mnyama kama twiga au tembo, darasa zima hujibu kwa pamoja. Kwa nyoka mambo hubadilika. Mtindo ulioenea ni wa kusema kwamba ni aina ya nyoka, kuongeza kwamba ana sumu, na pengine kutaja ukubwa au rangi. Fasili ya namna hiyo inaweza kupokea majina matano kwa wakati mmoja: swila, fira, koboko, kifutu, moma. Mwanafunzi akikisia mmoja wao hatuwezi kumkosoa, kwa sababu fasili haikumkataza.

Ni haki kusema kwamba si vidahizo vyote vina kasoro hiyo. Chatu ndiye aliyehudumiwa vyema zaidi katika lugha yetu. Hata mtoto anajua kwamba ni nyoka mkubwa mno, hana sumu, na huua mawindo yake kwa kujiviringisha na kuyabana. Hizo ni sifa tatu tu, na zinatosha. Mwanafunzi wa Kanama akizisikia, husema papo hapo kwamba huyo ni uruziramire. Tafsiri imepatikana bila mwalimu kutaja neno hata moja la Kinyarwanda. Kama lugha imeweza kufanya hivyo kwa chatu, kwa nini isiweze kwa wengine?

Historia fupi ya tatizo

Kasoro hii ina historia yake. Kamusi ya Frederick Johnson ya Kiswahili kwa Kiingereza, iliyotoka mwaka 1939, ilimwandikia mtu ambaye tayari alikuwa na lugha nyingine ya kuegemea. Ilitosha kumpa jina la Kiingereza, naye akaenda zake. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ilipotoka mwaka 1981 kazi ilibadilika kabisa. Kiswahili kilijieleza kwa Kiswahili, na hilo lilikuwa tendo kubwa ambalo sote tunalienzi. Kamusi hiyo ilipata toleo la pili mwaka 2004 na la tatu mwaka 2013, wakati TUKI ilikuwa imekwisha kuwa TATAKI. Mwaka 2015 BAKITA nayo ilitoa Kamusi Kuu ya Kiswahili.

Lakini mtu akiliondoa jina la Kiingereza bila kuweka sifa bainifu mahali pake, hubaki pengo. Neno "aina" ndilo linalotumika kuliziba pengo hilo: aina ya mti, aina ya samaki, aina ya ndege, aina ya nyoka. Kwa msomaji wa Pemba au Lamu pengo halionekani sana, kwa sababu yeye huleta ujuzi wake kutoka nyumbani. Kamusi humkumbusha tu alichokijua. Kwa msomaji wa Kanama hakuna cha kukumbushwa, naye hufunga kamusi akiwa vile vile alivyoifungua.

Majina matatu, nyoka mmoja

Tatizo la pili ni la visawe. Mwanafunzi anayesoma maandishi mbalimbali atakutana na kifutu, atakutana na moma, na atakutana na bafe. Yote hutajwa kwa nyoka yule mnene, mfupi, mwenye kichwa kipana na alama za umbo la V mgongoni, ambaye wataalamu humwita Bitis arietans. Nyoka huyu ana tabia moja inayomtambulisha kuliko rangi yake, nayo ni kwamba hakimbii. Hutulia njiani akiutegemea ufanano wake na majani makavu, hufoka kwa sauti akisogelewa, na anayemkanyaga huumwa. Kamusi isipounganisha majina hayo kwa neno dogo "tazama", mwanafunzi hudhani amejifunza nyoka watatu.

Hapa Kinyarwanda kina msaada mkubwa. Neno impiri hutumika kwa nyoka wa jamii hiyo, na Kiswahili nacho kina piri, ambalo wengine huandika pili, pamoja na kipiri. Mwalimu akiyaandika maneno hayo ubaoni, impiri upande mmoja na piri upande wa pili, darasa litaona lenyewe kwamba haya yanafanana kama ndugu. Vivyo hivyo neno incira, linalotumika kwa nyoka anayeinua kichwa na kutema, linafanana na kitenzi gucira, yaani kutema mate. Jina lenyewe linamkumbusha msemaji sifa bainifu ya nyoka. Fasili zetu zingeweza kuiga mfano huo.

Kwa upande wa Kiswahili, swila na fira hutumiwa na wengi kama kwamba ni kitu kimoja. Lakini nyoka wanaopanua shingo si wote wanaotema. Yule mwenye shingo nyeusi, Naja nigricollis, hurusha sumu kuelekea machoni kwa umbali wa mita mbili au zaidi. Yule wa msituni, ambaye Afrika Mashariki huitwa Naja subfulva tangu wataalamu walipomtenga na wenzake mwaka 2018, hupanua shingo lakini hatemi. Tofauti hiyo si ya kitaaluma tu. Aliyetemewa machoni anahitaji maji mengi safi ya kuosha macho mara moja, kisha aende hospitali. Aliyeumwa anahitaji jambo jingine kabisa.

Mamba mweusi ni mnyama gani?

Tatizo la tatu tumelikuta mara nyingi katika insha na tafsiri za wanafunzi wanaojua Kiingereza. Huandika "mamba mweusi", wakimaanisha nyoka. Waingereza walilipata neno hilo kutoka Kizulu, ambako imamba ni nyoka. Kwa Kiswahili mamba ni mnyama mwenye miguu minne anayeishi mtoni, naye hata akiwa mweusi hawi nyoka. Nyoka huyo kwa Kiswahili ni koboko.

Tukisharekebisha jina, bado rangi inabaki kuwa mtego. Koboko si mweusi. Mwili wake ni wa kijivu, wa hudhurungi au wa kijani kilichofifia. Kilicho cheusi ni ndani ya kinywa chake, ambacho hukifunua anapotishwa. Kamusi au kitabu kinachosema kwa mkato kwamba koboko ni nyoka mweusi humfundisha mwanafunzi kumtafuta nyoka asiyekuwepo, na kumpuuza aliyepo. Sifa za kutegemea ni urefu wake, ambao mara nyingi ni mita mbili hadi tatu, wembamba wake, na mbio zake.

Kijani nacho kina mtego wake. Mwanafunzi akiambiwa tu "nyoka wa kijani", ana angalau watatu wa kuchagua. Kuna wale wembamba wa mitini wa jenasi ya Philothamnus, ambao hawana madhara kwa binadamu, na ambao kwa Kiswahili jina la ukukwi hutajwa kwao. Kuna koboko wa kijani wa pwani, ambaye wengine humwita hongo, mwenye sumu inayoua. Na kuna kipiri wa milimani, Atheris nitschei, aliyeelezwa kisayansi na Tornier mwaka 1902. Huyu ni wa milima yetu hii ya Ufa wa Albertine: Rwanda, Burundi, magharibi mwa Uganda na mashariki mwa Kongo. Ni mdogo, hukaa kwenye matete, mafunjo na vichaka, ana mabaka meusi juu ya kijani, kichwa kipana, na magamba yenye mgongo uliosimama hivi kwamba mwili wake huonekana kuwa na mikwaruzo. Ukilitazama jambo hili kwa makini utaona kwamba nyoka wa Kanama ndiye aliyeachwa nyuma zaidi. Msamiati wa kamusi ulikusanywa kwa wingi pwani, naye hakai pwani.

Nyoka, inzoka na minyoo

Hatuwezi kumaliza uhakiki bila kuligusa neno nyoka lenyewe. Kwa Kinyarwanda inzoka ni nyoka, lakini pia ni minyoo ya tumboni. Mwanafunzi huandika kwamba mtoto ana nyoka tumboni, na mwalimu asiyejua Kinyarwanda hucheka. Kosa hilo halitokani na ujinga. Mwanafunzi amehamisha maana kutoka lugha yake, na linaondoka kwa kufundisha minyoo na nyoka katika somo moja.

Halafu kuna upatanisho. Inzoka iko katika ngeli inayopatana na vitu, na Kiswahili cha sokoni cha upande wa Goma nacho hulegeza upatanisho wa viumbe. Matokeo yake ni sentensi kama "nyoka kubwa imeingia", badala ya "nyoka mkubwa ameingia". Kidahizo kikionyesha wazi [a-/wa-], mwalimu anapata pa kuegemea. Pia kidahizo kingetaja vitenzi vinavyoandamana na jina: nyoka huuma, hugonga, hutema, hufoka, hujivua gamba.

Hata methali zinahitaji msaada huo. Tunafundisha kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mwanafunzi wa Kanama hana habari na ung'ongo, utepe ule wa jani unaotumiwa na wasukaji wa mikeka. Mwambie ni kama kamba ya mgomba iliyodondoka njiani wakati wa magharibi, naye ataielewa methali mpaka mfupani.

Kwa nini jambo hili si mchezo

Huenda msomaji akauliza: je, kuna atakayeumwa kwa sababu ya kamusi? Tujibu kwa uangalifu. Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa mwaka 2017, na mwaka 2019 likatoa mkakati wa kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu ifikapo mwaka 2030. Kwa makadirio yake, watu milioni 5.4 huumwa kila mwaka duniani, na kati ya 81,000 na 138,000 hufariki. Wengi wao ni wakulima, wachungaji na watoto wa vijijini.

Ushauri wa kitabibu ni kwamba aliyeumwa asimkimbize nyoka ili amuue au amkamate. Asichanjwe, jeraha lisifyonzwe, na kiungo kisifungwe kwa kamba ya kukaza. Atulizwe, kiungo kisichezeshwe, na apelekwe kituo cha afya haraka. Basi tazama kinachobaki. Nyoka hayupo. Kinachofika mbele ya muuguzi, pamoja na dalili za mgonjwa, ni maneno. Akisema "nyoka mwenye sumu", hajasema kitu. Akisema alikuwa mnene, mfupi, ametulia njiani akifoka, na mguu unavimba kwa maumivu makali, amesema mengi. Akisema alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye mbio, na sasa kope zinalegea na ulimi ni mzito, amesema mengine tofauti kabisa, maana sumu ya namna hiyo hushambulia neva na kuzuia pumzi.

Mtaalamu atafuata dalili kwanza, na hilo ni sawa. Lakini maelezo mazuri humsaidia, na maelezo mazuri ni kazi yetu sisi walimu wa lugha. Katika eneo la mpakani kama Rubavu, ambapo mgonjwa anaweza kuwa msemaji wa Kinyarwanda na mhudumu akawa Mkongo, au kinyume chake, Kiswahili ndicho daraja.

Hoja ya upande wa pili

Watetezi wa kamusi wana hoja mbili zenye uzito. Ya kwanza ni kwamba kamusi si kitabu cha biolojia, na kurasa zina gharama. Ya pili ni kwamba majina ya nyoka hubadilika kutoka lahaja hadi lahaja, hivyo kubana maana ni kuwadhulumu wasemaji.

Kwa hoja ya kwanza, tunasema kwamba hatuombi kurasa, tunaomba maneno kumi zaidi. Kitabu cha biolojia kipo tayari. Mwaka 2002 Spawls, Howell, Drewes na Ashe walitoa mwongozo wa reptilia wa Afrika Mashariki unaoihusisha Rwanda, na toleo jipya likafuata mwaka 2018. Howell mwenyewe alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wanaleksikografia na wanazuolojia wangeweza kukaa meza moja. Padri Charles Sacleux, aliyetoa kamusi yake ya Kiswahili kwa Kifaransa kati ya mwaka 1939 na 1941, alikuwa pia mkusanyaji wa mimea. Mtu mmoja aliweza kuzibeba taaluma mbili, taasisi zitashindwaje?

Kwa hoja ya pili tunakubali nusu. Ni kweli majina huhama. Lakini dawa ya majina kuhama ni kuandika kwamba yanahama: huku huitwa hivi, kule huitwa vile. Kunyamaza hakumlindi msemaji wa lahaja yoyote.

Mapendekezo

Mhakiki asiyejaribu kazi anayoikosoa huwa amefanya nusu ya kazi. Tunatoa mifano hii, nanyi wasomaji mwihakiki:

Kifutu (pia moma, bafe) [a-/wa-]: nyoka mnene na mfupi mwenye kichwa kipana na alama za V mgongoni, ambaye hutulia mahali pamoja na kufoka anapotishwa, sumu yake huvimbisha na kuozesha nyama.

Koboko [a-/wa-]: nyoka mrefu, mwembamba na mwenye mbio, wa kijivu au hudhurungi, ambaye ndani ya kinywa ni mweusi, sumu yake hushambulia neva.

Fira [a-/wa-]: nyoka yeyote wa jamii inayoinua kichwa na kupanua shingo inapotishwa, tazama pia swila.

Swila [a-/wa-]: fira anayerusha sumu kuelekea machoni.

Kipiri [a-/wa-]: nyoka mdogo wa vichakani na kwenye matete, mwenye kichwa kipana na magamba ya kukwaruza, wa milimani huwa kijani chenye mabaka meusi.

Tunawatahadharisha walimu wasizigeuze sifa hizi kuwa kanuni za kumshika nyoka. Kichwa kipana na mboni iliyosimama wima si ushahidi wa kutosha. Nyoka mla-mayai, asiye na madhara, ana mboni ya namna hiyo, na huiga hata sauti ya jamii ya kifutu kwa kusuguanisha magamba yake. Fasili ni ya kueleza aliyeonekana kwa mbali, si ya kumsogelea.

Kwa wanafunzi wa idara tunapendekeza zoezi hili. Kila mmoja achague nyoka mmoja anayejulikana kwao, aandike jina lake kwa lugha ya nyumbani, awaulize wazee sifa zake, kisha aandike fasili ya Kiswahili isiyozidi maneno thelathini. Fasili zisomwe darasani kidahizo kikiwa kimefunikwa. Itakayomtambulisha nyoka mmoja tu ndiyo imefaulu.

Hitimisho

Kiswahili kimepanda kutoka pwani hadi milimani, na kimepokewa. Kamusi zake nazo hazina budi kupanda. Mkulima wa Kanama anajua kumtofautisha impiri na incira, naye alijifunza hilo kwa kuwa kosa lina gharama. Kazi iliyobaki ni yetu, kuhakikisha kwamba anapovuka kutoka lugha yake kuja kwenye Kiswahili haupotezi ujuzi huo njiani.